Kusomea udaktari Cuba: nini ni bure, nini kina bei yake

Matokeo ya Exetat yakitoka, wazazi wengi wanaanza kuuliza juu ya buruse za ngambo, na jina la Cuba halikosi kutajwa. Kuna wanaosema kule kila kitu ni bure. Kuna wanaosema mutoto akienda harudi. Yote mawili yana sehemu ya kweli na sehemu ya maneno ya barabarani.

Shule yenyewe inaitwa Escuela Latinoamericana de Medicina, kwa kifupi ELAM. Iko kando ya bahari, magharibi ya muji wa Havana, ndani ya majengo yaliyokuwa chuo cha jeshi la majini. Mwaka wa 1998 vimbunga Georges na Mitch viliharibu vibaya inchi za Karibi na Amerika ya Kati. Cuba ilituma waganga wake kusaidia, kisha Fidel Castro akaona afadhali kufundisha vijana wa zile inchi zenyewe, ili siku waganga wa Cuba wanarudi kwao wagonjwa wasibaki bila mtu. Shule ilifunguliwa rasmi tarehe 15 Novemba 1999, na kundi la kwanza likapata diploma mwaka wa 2005. Mpaka leo imetoa waganga zaidi ya 30,000, wa inchi zaidi ya 100, Waafrika wakiwamo.

Masharti ya shule yanatoka katika ile asili. Kijana awe amemaliza sekondari, awe na umri wa miaka 18 hadi 25, na atoke katika familia au sehemu isiyo na uwezo. Halafu anaahidi kwamba akimaliza atarudi kutibu watu wa kwao, hasa mahali waganga wanakosekana. Ahadi hiyo ni ya dhamiri: hakuna polisi atakayemfuata mtu aliyekwenda kutafuta kazi Bulaya. Lakini ndiyo sababu Cuba haiombi minervali.

Mwenye buruse hapewi bili ya masomo, kitanda, chakula, vitabu, uniforme nyeupe wala matibabu. Kwa miaka mingi alipewa pia pesos 100 kila mwezi, ambazo zamani zilikuwa kama dola 4. Hata wakati huo zilitosha sabuni na vitu vidogo tu. Tiketi ya ndege, paspoti na kuhalalisha karatasi ni juu ya familia au serikali iliyomtuma. Na hakuna ndege inayotoka moja kwa moja Goma wala Kinshasa mpaka Havana. Kwa hiyo kijana wa familia ya kawaida asitegemee kurudi nyumbani kila likizo. Wengine wanapitisha vilio na harusi za kwao kwa simu tu.

Maisha ya kambini ni ya pamoja. Wanafunzi wanalala wengi katika chumba kimoja, watu wa inchi na dini mbalimbali, na chakula ni wali na maharagi karibu kila siku. Bugali na sombe, asahau. Cuba yenyewe iko katika shida kali: bei zimepanda sana tangu mageuzi ya pesa ya 2021, dawa zinakosekana, na mwezi wa Oktoba 2024 umeme ulikatika inchi nzima. Mtu aliyezoea giza la kwetu pengine hatashangaa, lakini ajue kwamba moto wa kule mara nyingi ni volti 110, si 220 kama huku, na chombo cha kutoka nyumbani kinaweza kukataa. Intaneti ya simu ilianza kule Desemba 2018 tu.

Kisha kuna lugha. Masomo yote ni kwa Kihispania. Asiyeijua anaanza na miezi kadhaa ya kujifunza lugha pamoja na sayansi za msingi, kabla ya kuhesabiwa mwaka wa kwanza. Aliyesoma kwa Kifaransa anaona maneno mengi yanafanana, na hapo ndipo wengine wanadanganyika. Kusoma kitabu ni jambo moja, kujibu mwalimu mdomo kwa mdomo ni jambo lingine, na kule mitihani mingi ni ya kusema. Pointi zinatoka 2 hadi 5: kupata 3 ni kupita, 2 ni kuanguka.

Masomo ya udaktari yanachukua miaka sita. Miwili ya kwanza ni pale ELAM. Baadaye wanafunzi wanagawanywa katika vyuo na lopitali za majimbo mengine, na mwaka wa sita wote ni staji, ukiishia na mtihani wa serikali. Jambo ambalo shule hii inalishinda kweli ni kumtoa mwanafunzi darasani mapema. Tangu 1984 Cuba ina munganga wa familia: munganga mmoja na muuguzi katika mtaa, wanaojua kila nyumba, nani ana mimba, nani ana presha, nani ameacha dawa. Mwanafunzi anapelekwa kule tangu mwanzo, kupima presha na kupiga hodi mlango kwa mlango. Wakati wa Covid mwaka wa 2020, wanafunzi wa udaktari walipita nyumba kwa nyumba kutafuta wenye dalili. Kwa eneo la afya lenye munganga mmoja na vijiji vingi, ufundi huo una faida kuliko mashine kubwa.

Upande wa pili haupaswi kufichwa. Cuba ilithibitishwa kuwa haina tena malaria tangu 1973. Kijana anaweza kumaliza miaka sita bila kuhudumia mtoto hata mmoja mwenye malaria kali, ugonjwa unaojaza vitanda vya lopitali zetu. Afrika ya Kusini, ambayo inatuma vijana Cuba tangu miaka ya 1990, iliona pengo la namna hii: wanafunzi wake wanarudi kumalizia mafunzo katika lopitali za kwao kabla ya kupewa kazi. Anayerudi huku kwetu afikirie staji ndefu chini ya munganga mwenye uzoefu, hata kama hakuna anayemlazimisha.

Tena, buruse inayotegemea serikali mbili inaweza kukwama upande mmoja. Mwaka wa 2019 wanafunzi wa Congo-Brazzaville waliandamana kwenye ambasade yao Havana kwa sababu posho ya serikali yao ilikuwa imechelewa zaidi ya miaka miwili. Mzazi aulize mapema: nani analipa nini, na karatasi gani inasema hivyo?

Maombi yanapita kwa ambasade ya Cuba na kwa mapatano ya serikali. Komisionere anayedai dola mia tano ili "kuweka jina kwenye liste" anauza kitu asichokuwa nacho. Wengine wanachanganya pia Cuba na shule za visiwa vingine vya Karibi, kama St. George's ya Grenada. Zile ni za kulipa, makumi ya maelfu ya dola kila mwaka, zinafundisha kwa Kiingereza, na wengi wanaoingia wanalenga lopitali za Marekani.

Baada ya diploma, safari ya karatasi inaanza. Diploma na pointi za miaka yote zihalalishwe Cuba kabla ya kupanda ndege, kwa sababu kuziagiza ukiwa Uvira ni kazi ya miezi. Zitafsiriwe kwa Kifaransa. Halafu kunaombwa usawa wa diploma katika wizara ya elimu ya juu Kinshasa, na baadaye kujiandikisha katika shirika la waganga, Ordre des médecins. Bila namba ya Ordre, hata aliyemaliza wa kwanza Havana haruhusiwi kuandikia mgonjwa dawa.