Rabai: Misheni iliyosubiri mavuno miaka thelathini

HISTORIA ya Ukristo katika pwani ya Kenya aghalabu huanzia Malindi, alikotia nanga Vasco da Gama mwaka 1498 na ambako kingali kikanisa kilichojengwa na Wareno. Hata hivyo, utawala wa Wareno ulipoporomoka baada ya kutekwa kwa Ngome ya Yesu mwaka 1698, haukuacha nyuma kanisa hai.

Misheni iliyotia mizizi ilianzia Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, ambavyo leo vimo katika Kaunti ya Kilifi.

Miaka ya kiangazi

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza, aliwasili Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo mkewe, Rosina, na mtoto wao mchanga walifariki.

Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, na kwa ridhaa ya wazee wa Rabai wakafungua kituo huko. Mwongofu wao wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa.

Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann alibaki hadi mwaka 1875, aliporejea kwao akiwa kipofu. Kwa takriban miaka thelathini waumini walikuwa wachache mno. Kazi iliyoonekana ilikuwa ya lugha: kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa mwaka 1882.

Mavuno

Mabadiliko yaliletwa na utumwa. Katika miaka ya 1860 walianza kufika Rabai Waafrika waliookolewa katika majahazi ya watumwa na kusomeshwa Nasik, nchini India. Miongoni mwao walikuwa William Jones na Ishmael Semler.

Mwaka 1873 Sultan Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Muda mfupi baadaye CMS ilianzisha kijiji cha Freretown, karibu na Mombasa, kwa ajili ya walioachiwa huru.

Lakini kumiliki watumwa kulikuwa bado halali. Watumwa watoro kutoka mashamba ya pwani walikimbilia Rabai, na idadi ya waumini ikaongezeka. Mabwana zao nao wakadai warudishiwe, na kukawa na tishio la kushambuliwa kwa misheni. Wakati huo kundi la Rabai lilikuwa mikononi mwa Jones, aliyepewa ushemasi pamoja na Semler mwaka 1885.

Suluhu ilipatikana mwaka 1888, George Mackenzie wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki alipokubaliana na mabwana hao walipwe fidia. Mnamo Januari 1, 1889, hati za uhuru zilitolewa Rabai. Watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni walikombolewa kwa mpango huo.

Kwa hiyo kanisa la Rabai lilijaa kwanza watu wa asili ya mbali, wakiwemo Wayao na Wanyasa, kabla Wamijikenda wengi hawajajiunga.

Leo Rabai ina makumbusho yanayomuenzi Krapf. Alistahili. Lakini mbegu aliyoipanda ilikuzwa na watu waliopanda vilima hivyo wakitafuta, kabla ya yote, mahali ambapo hawangeuzwa tena.