Erica Fiah hakuwa na diploma

Nimepotea kidogo, kisa ni majaribio mfululizo na bumu lililokata mapema, si mnajua tena. Ila kuna jambo limenikaa kichwani tangu Jumatatu, kwenye kile kipindi cha saa moja asubuhi ambacho nusu ya darasa huwa inasinzia.

Ticha aliuliza: kabla ya vyuo kuwepo, waandishi wa nchi hii walisomea wapi? Kimya. Mie nikawa namuwaza kaka mmoja wa kule kwetu wilayani. Ndiye aliyenikalisha chini nikiwa kidato cha tatu akanionyesha habari inavyoanza. Yeye mwenyewe aliishia kidato cha nne. Ametuma habari gazetini miaka zaidi ya kumi, analipwa kwa kila inayotoka, na isipotoka hana kitu. Mwaka jana akaambiwa alete diploma au aache. Maana Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, na kanuni zake za 2017 zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini.

Basi jioni nikaingia maktaba, nikijua vitabu vyenyewe vina vumbi kuliko kurasa.

Nikaanzia Kiungani, Unguja. Mwaka 1888 wamisionari wa UMCA walianza kutoa Msimulizi, moja ya magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili. Na lilitokea chuoni! Ila kile kilikuwa chuo cha kuandaa walimu na makasisi, hakuna aliyekwenda pale kusomea uandishi. Walimu na wanafunzi Waafrika waliandika habari za vituo vya misheni, basi, kazi wakaijulia humo humo. Wajerumani nao wakawa na Kiongozi kule Tanga, likitoka kwenye shule ya serikali. Halafu mwaka 1923 Waingereza wakaleta Mambo Leo chini ya Idara ya Elimu. Lilipendwa sana, na Shaaban Robert ni mmoja wa waliotoa mashairi yao humo.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wale wenzangu wa uhusiano wa umma, ambao siku hizi ndio wengi darasani (tukiulizwa sababu tunasema "ajira"). Mambo Leo lilikuwa kazi yenu hasa. Afya, kilimo, shule, na serikali ikionekana mzazi mwema. Hakuna uongo wa wazi, ila yapo mambo ambayo hayasemwi.

Yaliyokuwa hayasemwi akaja kuyasema muuza duka. Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Dar es Salaam, mwaka 1937 alianzisha Kwetu, gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Aliandika malalamiko ya Waafrika wa mjini ambayo gazeti la serikali lisingeyagusa. Hakukaa darasa lolote la uandishi, na nani angemfundisha? Nilikaa sana kwenye kurasa zake, mpaka mlinzi wa maktaba akaanza kuzima taa.

Halafu 1958. Mwaka ule wahariri wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Bagdelleh, walifungwa kwa uchochezi. Mwaka huo huo Nyerere akashitakiwa kwa kuwakashifu mabwana shauri wawili katika Sauti ya TANU, akapigwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, na faini ikalipwa. Shahada ya Edinburgh haikumsaidia.

Sasa darasa lilikuja lini? Ndipo niliposhtuka. Mwaka 1970 serikali ilitaifisha The Standard na kumpa uhariri Frene Ginwala, mwanasheria kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1972 likawa Daily News chini ya Benjamin Mkapa, ambaye Makerere alisoma Kiingereza. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, yaani TSJ, kikaja 1975, chini ya serikali. Mwaka uliofuata, 1976, ikaja Sheria ya Magazeti, na shirika la habari la serikali, SHIHATA. Tazameni hiyo miaka ilivyofuatana. Serikali yenye magazeti na redio ilihitaji waandishi wake, ikawafundisha wenyewe. Sisemi walifundishwa vibaya, waliotoka pale wengi ni vinara. Nasema tu darasa halikuanza kwa sababu wasomaji walililia.

Baada ya 1988 magazeti binafsi yakarudi, miaka ya 1990 redio na runinga zikafuata, vyuo navyo vikaota kama uyoga. Nyegezi kule Mwanza, kilichokuwa chuo cha mafunzo ya jamii cha Kanisa Katoliki, kikawa SAUT mwaka 1998. TSJ ikaingizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003.

Nilitoka maktaba nikiwa upande wa kaka moja kwa moja. Lakini jamani, tusidanganyane. Nakumbuka aliwahi kuandika habari ya mtoto aliyebakwa, akaweka jina la mtoto na la shule. Mie wakati ule niliona ni ushujaa, habari kamili! Ni hapa chuoni, kwenye somo la sheria na maadili, nilipojua lile lilikuwa kosa kubwa kiasi gani. Yule binti bado yuko kule kule. Kaka hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia, na mhariri wa huko mjini aliyekuwa na diploma yake aliichapa vile vile.

Nimempigia simu nikamweleza habari za Fiah. Kacheka sana, akasema "huyo alikuwa na duka, dogo." Halafu akaniuliza ada ya mwaka ni kiasi gani. Nilipomtajia akanyamaza kidogo, kisha akaomba nimtumie madesa, ya sheria na maadili tu, mengine anayajua.

Nimeyapiga picha jioni hii. Kurasa 46, bando limeishia kwenye ya 31. Kesho nikipata hela namalizia.