Askari wa milimita 28 na wapagazi wao

Najua mmezoea humu habari za foleni ya kantini na bumu linalochelewa. Leo naomba niwape historia kidogo, maana semista hii nimejifunza kitu ambacho hakimo kwenye kozi yoyote: kupaka rangi askari wadogo wa mchezo wa vita wa mezani.

Kwa wasioujua, mchezo wenyewe uko hivi. Meza inatandikwa kama uwanja wa mapambano, kuna vilima, mto, nyumba mbili tatu. Kila mchezaji ana jeshi lake la sanamu za plastiki au madini, nyingi zina urefu wa kama milimita 28. Unazisogeza kwa kupima na rula, na nani kafa nani kapona inaamua dadu. Sanamu huwa zinauzwa hazina rangi, kuzipaka ni kazi yako. Mimi nimefundishwa na dada mmoja Mjerumani aliyekuja kusoma hapa kwa mwaka mmoja, jirani yangu hosteli.

Msidhani mambo haya yalianza kwa watoto. Yalianza kwa wanajeshi wa Prussia. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimpelekea mfalme wake meza yenye vipande vya milima na mito ya kupanga upya. Mwaka 1824 mwanawe, luteni wa mizinga, akatoa kanuni kamili za kuchezea juu ya ramani, vikosi vikiwa vipande vidogo vya rangi nyekundu na buluu. Jeshi likaupenda, likautumia kufundishia maofisa. Yaani hii ilikuwa zana ya kufundishia, sisi wa ualimu tunaelewana hapo!

Sura za watu zilikuja baadaye. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kutoa askari wa risasi waliokuwa na uwazi ndani, wepesi na wa bei nafuu. Mwandishi H. G. Wells aliwatumia askari wa namna hiyo kutunga mchezo, akauchapisha mwaka 1913 kwa jina la Little Wars. Kwenye jina refu la kitabu anawakaribisha wavulana wa miaka 12 hadi 150, na wasichana wale tu anaowaona wana akili zaidi. Haya, asante babu, tumekaribia. Mwishoni anasema ukishacheza vita vidogo ndipo unaona vita vikubwa vilivyo upuuzi. Mwaka uliofuata, 1914, vita vikubwa vikaanza kweli.

Sasa brashi. Kwanza sanamu inaoshwa kwa maji ya sabuni, inakaushwa, inagandishwa juu ya kizibo cha soda ili uwe na pa kushikia. Inafuata praima, ndipo rangi ya akriliki iliyopunguzwa kwa maji. Mikono miwili myepesi ni bora kuliko mmoja mzito, kwa sababu rangi nzito inafukia uso na vifungo. Baada ya hapo unapitisha maji ya rangi nyeusi au kahawia, yanateremka kwenye mikunjo ya nguo na kubaki humo kama kivuli. Mwisho unachovya brashi, unaifuta kwenye kitambaa mpaka ibaki karibu kavu, unapitisha juu juu ili sehemu zilizoinuka zing'ae. Mbona usumbufu wote huo? Kwa sababu mtu mdogo hivyo, mwanga wa chumbani haumpi kivuli cha kutosha. Usipomchorea, ukimwangalia toka umbali wa mkono mmoja ni kama kipande cha sabuni.

Na hapa ndipo historia inapokushika. Ukitaka kumpaka askari Mfaransa lazima ujiulize: wa mwaka gani? Wa Agosti 1914 ana suruali nyekundu. Wa mwisho wa 1915 ana magwanda ya buluu iliyopauka, maana suruali ile ilikuwa inaonekana mbali mno mbele ya bunduki za rashasha. Miaka minne ya kusoma historia sekondari hakuna aliyenionyesha kwamba rangi ya suruali inaweza kuwa suala la kufa na kupona.

Mimi nikaomba tufanye vita vya kwetu. Tukapaka askari wa Lettow-Vorbeck, khaki, na tarbushi ndefu iliyovishwa kitambaa cha khaki. Wakapendeza kweli. Nikauliza, "Dada, na wapagazi?"

"Wapagazi wa nini? Hawapigani."

Jamani! Vita ile ilitembea kichwani kwa wapagazi. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, barabara hakuna, kwa hiyo chakula na risasi vilibebwa na watu. Waingereza peke yao walichukua watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika vita nzima, na wanahistoria wanakadiria waliokufa ni zaidi ya 90,000, wengi kwa njaa na magonjwa kama kuhara damu. Kariakoo tunakokwenda kununua viatu imepata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Hata sanamu ya Askari pale Posta, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina askari mmoja na bunduki yake, wapagazi wanatajwa kwenye maandishi tu.

Basi nikawatengeneza mwenyewe. Waya mwembamba, karatasi laini na gundi, mzigo ni harage. Vitabu vya sare vinakuambia mpaka idadi ya vifungo vya ofisa, ila mpagazi haelezwi. Nilitumia picha za zamani: nguo kiunoni, miguu mitupu. Tukaongeza kanuni moja: kikosi kisicho na wapagazi hakisogei, na kila zamu dadu inawapiga wapagazi kwa ugonjwa kabla ya risasi yoyote. Zamu ya sita majeshi yote mawili yalikuwa yamesimama, askari wazima na bunduki zao, hakuna wa kuwalisha. Dada yule aliitazama meza kwa muda mrefu, kisha akaniomba nimfundishe kukunja waya.

Nikipangiwa shule, hilo ndilo somo langu la Vita vya Kwanza vya Dunia. Waya upo, gundi ipo, maharage hayakosekani. Wanafunzi watamtengeneza mpagazi kwanza, askari atafuata.

Nawakilisha.