Kupata ardhi ya kituo cha jamii: wananchi wapitie wapi?

Mji wa Sumbawanga unakua. Mashamba ya mahindi na maharage ya jana leo ni viwanja, na kata za pembezoni kama Pito na Ntendo zinaona nyumba mpya kila mwaka. Lakini mtaa ukitaka kukutana, kufundisha vijana ufundi au kuweka maktaba ndogo, watu huishia chini ya mti au kuazima darasa la shule. Ndipo majirani wanaposema: Manispaa itununulie eneo tujenge kituo cha jamii.

Ombi hilo ni halali. Hapa tunaeleza njia ya kulifikisha, kwa wakazi wa mjini na wa vijijini.

Kwa nini ardhi kwanza?

Matofali yanaweza kufyatuliwa hata miaka kumi ijayo. Eneo likishagawiwa watu na kujengwa, kulirudisha ni ghali na kunaumiza. Dar es Salaam, ukumbi wa Anatoglo pale Mnazi Mmoja, wenye jina la mfanyabiashara Mgiriki, ulijengwa zama za ukoloni. Mji umeuzunguka pande zote, lakini ukumbi bado una mahali pake.

Je, halmashauri "hununua" ardhi?

Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Mwananchi ana haki ya kuimiliki na kuitumia. Kwa hiyo tunachoita kununua mara nyingi ni kumlipa fidia aliyekuwa na haki hiyo. Njia ziko tatu:

1. Eneo lililokwisha kutengwa. Huenda mchoro wa mipangomiji wa mtaa wenu una kiwanja cha huduma za jamii au eneo la wazi. Anzeni hapa, maana halina gharama ya fidia. Nendeni ofisi ya mipangomiji ya halmashauri, ombeni kuonyeshwa mchoro.

2. Makubaliano. Mwenye shamba anakubali kuliachia kwa malipo, au analitoa bure.

3. Utwaaji. Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya 1967 inampa Rais mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Njia hii ni ndefu na hufuatwa pale nyingine zinaposhindikana.

Mjini: hatua kwa hatua

Ombi lianzie kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa. Mwenyekiti na mtendaji waandike muhtasari: eneo gani, la nini, nani wamehudhuria, wameamua nini. Kauli ya mdomo kwa diwani ni rahisi kusahaulika. Muhtasari uliosainiwa unabaki kwenye jalada.

Kutoka mtaani, ombi linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kisha linafika kwenye kamati za halmashauri na Baraza la Madiwani, ambako bajeti hupitishwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na maandalizi ya bajeti huanza miezi mingi kabla. Ombi la mwezi Juni limechelewa. Mkiisha kuvuna, tumieni miezi ya kiangazi kukutana na kuandika.

Vijijini: mkutano mkuu ndio wenye kauli

Kwa wasikilizaji wa vijijini, inayohusika ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Halmashauri ya kijiji husimamia ardhi, lakini haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Kijiji kinaweza kutenga eneo la matumizi ya pamoja na kuliingiza kwenye mpango wa matumizi ya ardhi. Fanyeni hivyo kabla mji haujawafikia.

Anayeachia shamba naye ni jirani

Kituo cha wote kisijengwe juu ya machozi ya mmoja. Katiba, ibara ya 24, inalinda mali ya mtu na kutaka fidia inayostahili. Hata shamba lisilo na nyumba lina thamani yake. Fidia huhesabu ardhi, mazao na majengo, pamoja na posho kama ya usumbufu na ya usafiri pale zinapohusika.

Kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, fidia inatakiwa kulipwa ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe tathmini. Ikichelewa, inadai riba. Ikipita miaka 2 bila kulipwa, tathmini hurudiwa. Mwenye shamba aombe nakala ya fomu aliyosaini na aitunze.

Zawadi nayo iandikwe

Mzee akisema "chukueni hapa mjenge", shukuruni, kisha andikeni siku hiyo hiyo mbele ya familia yake, viongozi na mashahidi. Akifariki bila maandishi, watoto wana sababu ya kuja kudai shamba la baba yao, na kituo kikaishia kwenye kesi.

Kabla hamjaweka jiwe la msingi, hakikisheni mna:

- muhtasari wa mkutano na orodha ya mahudhurio;
- maandishi ya makubaliano au ushahidi wa fidia kulipwa;
- mipaka iliyopimwa na kuwekwa alama;
- hati kwa jina la halmashauri au kijiji, si la mwenyekiti wala mtu mwingine binafsi.

Hilo la mwisho tunalisisitiza. Viongozi hubadilika kila baada ya uchaguzi. Kituo kinatakiwa kiwakute wajukuu.