Jimmy Valentine na mfungwa aliyenyimwa msamaha

Hadithi fupi ya O. Henry, “A Retrieved Reformation”, ilichapwa mwaka 1903 na hadi leo inasomeshwa mashuleni Marekani kama hadithi ya mwizi aliyetubu. Usomaji huo si mbaya, ila anayetenda jambo la ajabu zaidi humo si mwizi. Ni askari.

Jimmy Valentine, bingwa wa kufungua masefu, anatoka gerezani kwa msamaha wa gavana na kurudia kazi ile ile. Anapofika mji mdogo wa Elmore, Arkansas, anampenda Annabel Adams, binti wa mwenye benki. Anajiita Ralph Spencer, anafungua duka la viatu, anaposa. Siku benki inapoonyesha chumba chake kipya cha chuma, mtoto wa miaka mitano, mpwa wa Annabel, anafungiwa ndani na mlango haufunguki. Jimmy anavua koti, anafungua begi lake la zana na kutoboa chuma mbele ya wakwe zake watarajiwa. Ndani ya dakika kumi mtoto yuko nje, na siri nayo iko nje. Mlangoni amesimama mpelelezi Ben Price, aliyemwinda muda wote huo. Jimmy anajisalimisha. Price anamwita kwa jina lake jipya, anajifanya hamjui, na kwenda zake.

Mwandishi alijua thamani ya jina jipya. Jina lake halisi lilikuwa William Sydney Porter, mzaliwa wa Greensboro, North Carolina, mwaka 1862. Alikuwa karani wa benki mjini Austin, Texas, hesabu zikaonekana na upungufu. Kesi ilipoiva mwaka 1896 alitorokea Honduras, akarudi mwaka uliofuata kwa sababu mkewe Athol alikuwa mahututi kwa kifua kikuu. Athol alifariki Julai 1897. Mwaka 1898 Porter alihukumiwa miaka mitano katika gereza la Ohio, mjini Columbus. Ufamasia aliojifunza ujanani ukamwokoa na kazi ngumu: alipewa zamu ya usiku kwenye duka la dawa la gereza. Binti yake Margaret aliambiwa baba amesafiri kikazi.

Huko, kwa mujibu wa Al Jennings, mnyang'anyi wa treni aliyefungwa pamoja naye, ndiko alikopatikana Jimmy Valentine. Jennings alikuwa mtu wa kutia chumvi, lakini simulizi lake la mwaka 1921 halisahauliki. Mfungwa aitwaye Dick Price aliahidiwa msamaha iwapo angefungua sefu yenye nyaraka zilizohitajika mahakamani. Alizinoa kucha zake kwa tupa hadi nyama ikabaki wazi, ili vidole vihisi kila mtikisiko wa kufuli, akaifungua katika sekunde chache. Gavana hakutimiza ahadi, na Price akafia gerezani.

Kama Jennings alisema kweli, basi O. Henry alilichukua jina la mfungwa aliyedhulumiwa akamvika askari mwenye huruma. Mimi naliona hilo ndilo moyo wa hadithi. Siisifii yote: wenye masefu ya Richmond na Jefferson City aliyoyafungua Jimmy hawarudishiwi hata senti, na mwandishi anapita hapo kimyakimya, kana kwamba fedha ile haikuwa na wenyewe.

Porter alitoka Julai 1901, baada ya kupunguziwa kifungo kwa mwenendo mwema, akahamia New York mwaka uliofuata. Januari 1910 Paul Armstrong aliigeuza hadithi kuwa mchezo wa kuigiza, “Alias Jimmy Valentine”, ukapendwa sana. Watazamaji walimpigia makofi mfungwa wa jukwaani. Wengi hawakujua kwamba aliyemtunga naye aliwahi kuvaa sare za gereza. Porter alifariki Juni mwaka huo huo, akiwa na miaka 47, na umma ulipata habari za kifungo chake mwaka 1916, C. Alphonso Smith alipochapisha wasifu wake.