Thelma Ritter (1902–1969)

Mwigizaji wa Marekani, mzaliwa wa Brooklyn, New York. Aliteuliwa mara 6 kuwania Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, kwa filamu za kati ya 1950 na 1962, asiipate hata mara moja. Aliingia kwenye sinema akiwa amevuka miaka 40, kupitia Miracle on 34th Street (1947), ambamo jina lake halikutajwa. Mchezo wa televisheni The Catered Affair (1955) ulimpa uteuzi wa Emmy. Jukwaani alitwaa Tony mwaka 1958, akiigawana na mwigizaji Gwen Verdon.

Wapo wanaodai aliigiza mhusika yuleyule kila mara, mtumishi mwenye ulimi mkali. Ni kweli studio zilimpa nafasi hizo mara nyingi, kama ilivyo katika All About Eve (1950). Lakini Pickup on South Street (1953) inalipinga dai hilo. Humo yeye ni Moe, mchuuzi wa tai anayewauzia polisi habari za wezi ili aweke akiba ya kuzikwa kwa heshima. Muuaji anapomjia chumbani akitaka anwani ya kijana mmoja, mama huyu aliyezoea kuuza kila siri anakataa, akiwa amechoka kabisa, na anauawa. Anachofanya Ritter hapo, kwa sauti ya chini isiyoomba huruma, ndicho kinachoipa filamu nzima uzito. Aidha, katika The Mating Season (1951) hadithi yenyewe inamzunguka Ritter, mama anayejifanya mpishi nyumbani kwa mwanawe, lakini kwenye Oscar bado aliwekwa kundi la wasaidizi. Kundi hilo lilipima hadhi ya nyota kuliko ukubwa wa kazi.