Same yafikisha watu 300,303, lakini kasi imeshuka

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 300,303 katika Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2012 walikuwa 269,807, na mwaka 2002 walikuwa 212,325.

Ukizitazama haraka, unaona wilaya inakua tu. Zipigie hesabu sasa. Kati ya 2002 na 2012 Same iliongeza watu 57,482, sawa na asilimia 27. Miaka kumi iliyofuata iliongeza 30,496 tu, kama asilimia 11 hivi.

Kipindi hichohicho cha 2012 hadi 2022 Tanzania nzima ilitoka watu milioni 44.9 hadi milioni 61.7, ongezeko la asilimia 37. Same ingekwenda na kasi ya taifa, leo ingekuwa na watu karibu 370,000. Hao 70,000 hawapo.

Na si Same peke yake. Mkoa mzima wa Kilimanjaro uliongezeka kwa asilimia 13.5. Ardhi ya milimani ni finyu, shamba la babu limegawanywa mpaka limekuwa vipande, na vijana wanashuka kutafuta maisha Dar es Salaam, Arusha na Moshi. Ulaya kuna waliobanwa zaidi: Latvia ilikuwa na watu karibu milioni 2.7 mwaka 1989, leo haifiki milioni 1.9. Same bado inaongezeka, ila polepole.

Takwimu ya kuogopa zaidi ni ile ya wastani. Ukigawanya watu kwa ukubwa wa wilaya, Same inaonekana ina nafasi tele. Kumbe sehemu kubwa ya eneo hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambayo ina zaidi ya kilomita za mraba 3,200 (nyingine ziko wilaya jirani) na haina makazi. Huko juu Chome, Mbaga na Mamba nyumba zimebanana.

Mvua nayo ni hivyohivyo. Mlima Shengena una mita 2,462 na msitu wenye ukungu. Mamba Miamba wanalima tangawizi. Shuka Makanya ukute vumbi na mkonge. Ndiyo maana Wapare tangu zamani walichimba ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya mlimani usiku ili mashamba yanywe mchana kwa zamu.

Kwa maji ya bomba, mradi wa Same-Mwanga-Korogwe ulizinduliwa Machi 2025. Chanzo chake ni Bwawa la Nyumba ya Mungu. Bwawa hilohilo lina mtambo wa umeme wa megawati 8, na maji yakitoka hapo yanateremka Mto Pangani kuzungusha mitambo ya Hale (megawati 21) na New Pangani Falls (megawati 68). Ukilinganisha na megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere ni umeme kidogo, lakini maji ni yaleyale: yanatakiwa na bomba, mtambo na mfereji wa mkulima wa mpunga.

Kwa hiyo mpangaji akisoma 300,303, inabidi aulize wangapi wako mlimani na wangapi tambarare. Bomba linalofika Same mjini halijafika Chome, maana maji ya bwawa hayapandi mlima bila pampu, na pampu inakula umeme.